Wafadhili wa Chama na Kandarasi za Serikali

Mwaka 2005 Mahakama Kuu mjini Cape Town iliamua kwamba vyama vya siasa vya Afrika Kusini havilazimiki kuwataja wafadhili wao. Mwaka uo huo Hitachi ya Japani iliiuzia Chancellor House, kampuni ya uwekezaji ya chama tawala cha ANC, asilimia 25 ya hisa za tawi lake nchini humo. Haukupita muda mrefu, tawi hilo likapewa na shirika la umeme, Eskom, kandarasi za mitambo ya mvuke ya vituo vya Medupi na Kusile. Magazeti yalipiga kelele. Adhabu, kwa aibu, ilitoka ugenini. Mwaka 2015 Hitachi ilikubali kulipa faini ya dola milioni 19 huko Marekani, pasipo kukiri wala kukana kosa. Sheria ya kuvitaka vyama na makampuni kutangaza michango izidiyo randi 100,000 ilianza kutumika tarehe 1 Aprili, 2021. Siku hiyo Medupi na Kusile vilikuwa bado havijakamilika.