Baridi yabisi ya uti wa mgongo na tiba zake
Maumivu ya mgongo yaliyoanza kabla ya miaka 45, yakapita miezi 3, yanayozidi alfajiri na kupungua ukitembea, huenda si uchovu wa jembe. Yaweza kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Haiponi kabisa, lakini hutulizwa.

Kwanza ni mazoezi ya kila siku. Kulala kutwa hukaza mgongo zaidi. Pili ni vidonge vya uvimbe kama ibuprofeni, kwa ushauri wa daktari, maana huweza kudhuru tumbo na figo. Vikishindwa, zipo sindano za adalimumabu. Ni ghali, na kabla yake hupimwa kifua kikuu.

Mgonjwa wa Katito aombe rufaa mapema kwenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, mgongo haujapinda. Jicho likiwa jekundu na kuuma, asingoje.