Watu 42,585 na Diski Isiyozunguka

Makarani walioanza kupita nyumba kwa nyumba Kwale, pwani ya Kenya, mwaka 2010 hawakubeba madaftari. Walikuja na kompyuta za kiganjani na GPS. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani, waliokuwa wameshaanza kazi hiyo Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 2006, walitaka kila aliyezaliwa, aliyefariki na aliyehama aonekane kwenye hifadhidata. Upande wa Kwale wakaandikishwa watu 42,585.

Flashi, kumbukumbu inayobaki na data hata bila umeme, nayo ina asili ya Japani: ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Kabla ya 2005 hivi, kompyuta nyingi za kiganjani zilisahau kila kitu betri ikiisha. Fikiria karani ametembea juani kutwa, halafu jioni kifaa kimezima! Flashi ndiyo iliyokomesha hasara hiyo.

Kwenye seva mambo yalikwenda polepole zaidi. Diski ya sahani ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake lazima kitafute mahali, kisha kingoje sahani ifike. Rekodi zikiwa zimetawanyika, hupata mia moja hivi kwa sekunde. Kwa watu wetu wa Kwale, hizo ni dakika saba. SSD, yaani diski ya flashi isiyozunguka, inayosoma mara 10,000 kwa sekunde humaliza kwa sekunde nne na ushei.

Hesabu tamu, lakini ina hila. Hifadhidata ndogo kama hii hukaa yote kwenye RAM, na diski haiguswi sana katika kusoma. Kazi iko kwenye kuandika. Flashi haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Hufuta kwanza bloku nzima. Ikiwa mpya na tupu hukimbia, ikijaa huanza kuhema, na namba za kwenye boksi ni za ile tupu. Baya zaidi, SSD nyingine za bei rahisi husema "nimeandika" ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda. Stima ikikatika hapo, rekodi imekwenda.

Kwa hiyo wewe unayenunua seva ya zahanati Msambweni au ya hoteli Diani, usipime kwa dakika tano. Jaza diski, andika rekodi ndogondogo kwa saa kadhaa, kisha chomoa plagi katikati ya kazi. Ukiiwasha, hesabu rekodi zilizobaki.