Dhahabu ya Kakamega na Thamani ya Ardhi

Wanachama na wazee wetu waheshimiwa, yafaa katika taarifa hii tukumbuke habari ya dhahabu ya Kakamega, kwa maana mna somo kubwa ndani yake juu ya bei ya ardhi na nguvu ya sheria.

Mwaka 1921 Mahkama Kuu ya Kenya iliamua ya kwamba, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1915, Mwafrika hakuwa na milki ya ardhi yake, bali alikaa juu yake kwa ridhaa ya Mfalme tu. Watu waliingiwa na hofu. Ndipo mwaka 1930 ikatungwa Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyotenga maeneo ya Waafrika kwa ajili yao milele. Kipande kikiondolewa, hapana budi waongezewe kingine cha ukubwa uleule na, kwa kadiri iwezekanavyo, cha thamani ileile. Na Baraza la Wenyeji liarifiwe kwanza.

Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, nchi ya watu wengi na mashamba yaliyosongamana. Wazungu wa kutafuta madini wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikageuzwa: ardhi ya machimbo iliweza kuondolewa bila kulipwa ardhi nyingine, na bila Baraza kuarifiwa. Malipo yangekuwa fedha. Basi ahadi ya milele ilidumu miaka miwili. Tena Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter ilikuwa ingali kazini, na ripoti yake haikutoka hata mwaka 1934. Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo mwaka 1933, na wako waliolaumu, machimbo yakaendelea.

Na tuipime hesabu yenyewe. Dhahabu haikuwa ya mwenye shamba, kwa kuwa madini yalikuwa mali ya Mfalme. Yeye alihesabiwa nyumba, mazao na matumizi ya udongo wa juu. Lakini shamba ni chakula cha wajukuu pia, na fedha haioti tena ikiisha kutumiwa. Malipo ya ardhi kwa ardhi yalikaribia haki. Nayo ndiyo yaliyofutwa.

Katiba ya mwaka 2010 nayo yahesabu madini kuwa mali ya umma. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yagawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali. Aidha, haki ya kuchimba katika ardhi ya jamii haitolewi bila ridhaa. Lakini ardhi hiyo ikiwa haijaandikishwa, ridhaa hutolewa na Tume ya Taifa ya Ardhi, wala si na jamii yenyewe.

Kwa hiyo, wazee wetu, mipaka na iandikwe na ardhi ya jamii iandikishwe mapema, kabla mchimbaji hajabisha hodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.