Barabara kuu ikipitishwa Sironga, nani atalipwa?

Habari za barabara mpya hufika mashambani kwa njia moja. Wapima ardhi huonekana asubuhi wakiwa na vyombo vyao vya miguu mitatu, rangi nyekundu hupakwa kwenye ukuta wa duka au shina la mti, na kabla ya jua kutua kila boma lina maelezo yake kuhusu mahali ambapo barabara itapita. Tangazo rasmi huja baadaye, na mara nyingi huwakuta watu wamekwisha kugawanyika: wenye maduka kando ya njia ya zamani hawataki barabara iwaepuke, na wenye mashamba kule inakoelekezwa hawataki iwafikie.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira hofu hiyo ina uzito kuliko mahali pengi nchini, kwa sababu ya uchache wa ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ya kwanza, na zaidi ya 600 katika ya pili, nao wengi wao ni wakulima. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata vipande vingi vimebaki chini ya ekari moja. Juu ya kipande hicho kuna nyumba, migomba, ng'ombe wa maziwa, mistari ya majani chai yanayopelekwa katika viwanda kama Kebirigo au Sanganyi, na makaburi ya wazee.

Sironga, karibu na mji wa Nyamira, ni mfano unaofaa. Eneo hilo lina shule, makazi yaliyosongamana kwenye miinuko, na bondeni kuna kinamasi kinachojulikana kwa jina hilo hilo la Sironga. Mhandisi anayetafuta njia iliyonyoka kati ya miinuko hiyo ana mambo mawili ya kuchagua: apite juu, abomoe nyumba, au apite chini, ajaze udongo kwenye maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Barabara kuu inayohitaji upana wa mita 60 humeza hekta sita, yaani karibu ekari 15, kwa kila kilomita moja. Ikiwa kila familia ina nusu ekari, kilomita hiyo moja inagusa mashamba yanayotosha familia 30. Zipo familia zitakazopoteza kipande cha ukingoni tu. Zipo nyingine zitakazobakiwa na kipande chembamba kisichofaa kujengwa wala kulimwa, na hizi ndizo zenye haki ya kuuliza maswali makali zaidi.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 hakimpi mwenye shamba uwezo wa kuikatalia serikali moja kwa moja. Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, lakini ni lazima ilipe fidia ya haki, kwa ukamilifu na bila kuchelewa, na mwenye ardhi ana haki ya kwenda mahakamani. Kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: fidia inaweza kutolewa pia kwa watu wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema ingawa hawana hatimiliki.

Anayetwaa ardhi si Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA), wala si mwanakandarasi, wala chifu. Ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC), kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Tume hutangaza kwanza nia ya kutwaa ardhi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Siku 30 au zaidi baadaye hufanyika kikao cha uchunguzi, ambacho nacho hutangazwa gazetini angalau siku 15 kabla. Tangazo hutaja namba ya shamba, jina la mwenyewe aliyesajiliwa na ukubwa wa sehemu itakayochukuliwa. Wenye mashamba hutakiwa kuleta madai yao kwa maandishi, pamoja na nakala za kitambulisho, namba ya kodi, hati za ardhi na maelezo ya akaunti ya benki.

Hapo ndipo wengi wa Gusii hukwama. Mashamba mengi ya huko yalipimwa na kusajiliwa katika miaka ya 1960 na 1970. Aliyesajiliwa ni mzee wa wakati huo. Wanawe walionyeshwa mipaka kwa kupandiwa miti, wakajenga, wakazaa, nao baadhi yao wakafariki, lakini jina katika rejista halikubadilishwa. Tangazo la Tume likitoka, humtaja marehemu. Mjukuu aliyezaliwa juu ya shamba hilo na kulilima maisha yake yote hasomeki popote.

Dawa ya tatizo hilo ni mirathi, na mirathi haiendi kwa mwendo wa tingatinga. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, familia hupata kwanza barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha huwasilisha ombi mahakamani. Ombi hutangazwa, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida ni lazima miezi sita ipite kabla ya mahakama kuthibitisha ugawaji. Hiyo ni hesabu ya familia isiyo na ugomvi. Mahali ambapo mabinti walioolewa hawakuandikwa, mambo huenda mbali zaidi, kwa kuwa sheria haimbagui mtoto wa kike katika mgawo. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo mwaka 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono. Kwa kulinganisha, kutoka tangazo la nia hadi kikao cha uchunguzi huweza kuwa wiki chache tu.

Hili halimaanishi kwamba fedha hupotea. Kukiwa na mzozo wa umiliki, au asipopatikana mtu mwenye uwezo kisheria wa kupokea, Tume huweza kuziweka fedha katika akaunti maalumu hadi mambo yatatuliwe. Lakini barabara haingoji. Nyumba inaweza kubomolewa huku fidia yake ikiwa benki kwa jina la mzee aliyezikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo.

Kuhusu kiasi, msingi ni bei ya soko. Kanuni za mwaka 2017 za kukadiria fidia zinaongeza juu yake asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Zinataka pia kuhesabiwa kwa hasara ya kukatwa kwa shamba, yaani kushuka kwa thamani ya sehemu inayobaki, pamoja na gharama zinazofaa za kuhamisha makazi au biashara. Mwenye kipande chembamba kilichotajwa hapo juu asikubali kulipwa udongo uliochukuliwa peke yake. Majani chai nayo yana hesabu yake: mche mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, na hasara hiyo iandikwe katika dai.

Mwaka 2019 Bunge liliibadilisha sheria kwa namna ambayo haikuwapendeza watetezi wengi wa wenye ardhi. Neno “bila kuchelewa” lilipewa maana ya muda usiozidi mwaka mmoja baada ya Tume kushika ardhi. Kwa maneno mengine, tingatinga linaweza kutangulia hundi. Mabadiliko hayo yaliruhusu pia fidia kwa njia nyingine zisizo fedha taslimu, kama ardhi mbadala au hatifungani za serikali, na yakaunda Baraza la Kuamua Mizozo ya Utwaaji Ardhi ambalo asiyeridhika huanzia huko. Madeni ya fidia za miradi ya miaka iliyopita yamekuwa yakirudi bungeni mara kwa mara, kwa hiyo mashaka ya mkulima kuhusu ahadi ya malipo si ukaidi.

Makaburi ni suala la pekee. Mwongozo wa kukadiria bei unaweza kutaja gharama za kufukua na kuzika upya, na vibali vya afya vinahitajika, lakini katika Gusii kaburi ni pia ushahidi wa nani ni wa boma gani. Familia inayohamisha makaburi bila kuandika ni ya nani na yalikuwa wapi huweza kupoteza ushahidi ambao ingeuhitaji katika kesi ya mirathi.

Njia ya bondeni ina sheria zake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kujenga, kuchimba au kukausha kinamasi bila idhini, na kanuni za mwaka 2009 zinafafanua ulinzi wa ardhioevu na kingo za mito. Kinamasi cha Sironga kimekwisha kubanwa na mashamba, ufyatuaji wa matofali na mikaratusi inayofyonza maji. Tuta la barabara likikatiza bonde bila makalvati ya kutosha, upande mmoja hufurika wakati wa masika na upande wa pili hukauka. Chemchemi ambazo akina mama huteka maji ndizo huonyesha madhara hayo kwanza.

Kwa sababu hiyo tathmini ya athari kwa mazingira ni sehemu ambayo wakazi wana sauti zaidi kuliko wanavyodhani. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi kufanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoathiriwa, na kutangaza mradi kwa mabango, magazeti na redio. Ripoti ikishafika katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), umma hualikwa kutoa maoni kwa maandishi. Leseni ikitolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira. Baraza hilo ndilo lililofuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu mnamo Juni 2019, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Orodha ya waliohudhuria barazani hutumiwa kama ushahidi wa ushirikishwaji. Anayetia sahihi ahakikishe kwamba pingamizi lake limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, si jina lake tu.

Kuna pia maisha baada ya utepe kukatwa. Barabara ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na watembea kwa miguu waliendelea kugongwa wakivuka mahali ambapo vivukio vya juu vilikuwa vichache au mbali. Katika kijiji, barabara yenye kuta na ua katikati huweza kumtenga mtoto na shule na mkulima na kituo cha kununulia majani chai. Vivuko vya chini, vya watu na vya mifugo, huombwa wakati michoro ingali mezani.

Wala si haki kusema kwamba barabara ni hasara tupu. Ukarabati wa barabara ya Isebania, Kisii hadi Ahero, yenye kilomita 172 na iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unahudumia ukanda unaosafirisha ndizi, miwa na abiria kila siku. Ndizi za Gusii huoza haraka, na mgonjwa anayepelekwa Kisii au Kisumu huhesabu dakika. Wakazi wengi wanaopinga njia fulani hawapingi barabara. Wanapinga mstari uliochorwa bila wao.

Wenye majengo yaliyomo ndani ya hifadhi ya barabara iliyokwisha kutengwa wako katika hali tofauti kabisa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaruhusu kuondolewa kwa vilivyojengwa humo bila idhini, na huko fidia ya ardhi haipo. Kujua kama ukuta uko ndani au nje ya mpaka, ramani ya usajili na rekodi za ofisi ya ardhi hutazamwa. Rangi nyekundu ya mpimaji peke yake haitoshi kuwa uamuzi. Kupekua rekodi za shamba hakuhitaji kungoja mradi wowote utangazwe, na ombi la mirathi hali kadhalika.