Aprili na Mwezi wa Nne: Asili ya Jina la Mwezi, Likitazamwa kutoka Kyela

Katika uwanda wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwezi ambao kalenda ya serikali huuita Aprili ni mwezi wa maji. Pepo zenye unyevu zitokazo ziwani hupanda milima ya Livingstone upande wa mashariki, na Mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960 upande wa kaskazini, zikageuka mvua. Kwa mwaka mzima mvua hiyo hupita milimita 2,000. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na mpunga husimama majini. Lakini jina la mwezi huo halisemi neno lolote juu ya maji. Lilizaliwa katika nchi nyingine, likasafiri kwa vinywa vya watu wengi kabla ya kufika hapo. Basi yafaa kuchunguza limetoka wapi, limefikaje, na limekuta nini.

Asili yake ni neno la Kilatini Aprilis, ambalo Warumi wenyewe walibishana juu ya maana yake. Varro, mwanachuoni wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwataja waliolihusisha na mungu wa kike Venus, aitwaye Aphrodite kwa Kiyunani. Yeye mwenyewe alipendelea kulitoa katika kitenzi aperire, yaani kufungua, kwa kuwa mwezi huo nchini Italia ardhi hufunguka na miti huchipua. Katika karne ya 20 wapo wanaisimu waliorudi kwenye ile njia ya kwanza, wakisema kwamba jina la Aphrodite lilipitia Kietruski kabla ya kuingia Kilatini. Kwa vyovyote, jina hilo halikuwa na msingi usiotikisika hata kwao: mwaka 65 Kaisari Nero aliubadilisha mwezi huo ukaitwa Neroneus, na alipokufa jina hilo likafa pamoja naye. Kadhalika, katika hesabu ya kale ya Warumi, ambayo mwaka wake ulianza Machi, Aprilis ulikuwa mwezi wa pili, si wa nne.

Wazo la kufungua halikuwa geni kwa Waswahili, ila walilitumia kwa jambo jingine. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi kilichotolewa mwaka 1870, aliandika jinsi watu wa Unguja walivyohesabu miezi tangu mwisho wa Ramadhani: mfunguo mosi, mfunguo pili, hata mfunguo tisa, ndipo ikafuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mfunguo ni kufungua saumu. Varro aliona ardhi ikifunguka. Mswahili aliona kinywa kikifunguliwa baada ya mfungo. Mfunguo nne, ambao ni Muharamu wa Waarabu, hauna uhusiano na Aprili, kwa sababu mwaka wa mwandamo wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa muda wa miaka 33 mwezi huo huzunguka majira yote. Kwa hiyo mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na hesabu nyingine, ile ya Nairuzi, iliyogawa mwaka wa jua katika miongo ya siku kumi kumi. Mwezi ulihifadhi ibada. Mwongo ulihifadhi jembe na tanga.

Katika majira pia lipo jambo la kuangaliwa. Neno masika, kwa mtu wa pwani, ni mvua kubwa za Machi hata Mei, zikitofautishwa na vuli, mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Huko Kyela hakuna mgawanyo huo. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, zikaendelea hata Mei, na kilele chake huwa Machi na Aprili. Mwenye kuandika kwamba Aprili ni masika ya Kyela hajakosea juu ya mvua, bali amekosea juu ya mwaka, maana ameingiza vuli mahali pasipokuwa na vuli. Kamusi isiyoeleza neno hilo ni la mahali gani humpotosha msomaji wa bara.

Ama jina lenyewe la Aprili, njia yake ya kufika ufuoni si ngumu kufuatwa. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Moravian, walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Na utawala wa Kijerumani ulidumu huko hata mwaka 1916, majeshi ya Kiingereza yalipoingia kutoka Nyasaland. Mtu angeweza kudhani kwamba Aprili ni neno la Kijerumani, kwa kuwa irabu yake ya kwanza ni ile ya Kijerumani, na mkazo wa lugha zote mbili huangukia silabi pri. Dhana hiyo haisimami. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho bila kujali neno limetoka wapi. Tena miezi jirani yashuhudia kinyume: Machi, Mei na Julai zimefuata matamshi ya Kiingereza, wala haziwezi kutoka katika März, Mai na Juli. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba Aprili ilichukuliwa kwa jicho kuliko kwa sikio: ilisomwa ukurasani, herufi kwa herufi.

Ushahidi wa sikio uko ng'ambo ya Mto Songwe, ambao mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufanya mpaka. Kichewa, kilichofanywa lugha ya taifa ya Malawi mwaka 1968, huuita mwezi huo Epulo. Hapo mdomo umefanya kazi yake yote: irabu ya Kiingereza imesikiwa kuwa e, kundi la pr limetenganishwa kwa u ifuatayo sauti ya midomo, na r imegeuka l. Kibemba cha Zambia kina Epreo. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husema lugha ambayo wanaisimu wengi huihesabu kuwa moja, na wote huuita mwezi wa mbinguni umwesi. Lakini mtoto wa upande mmja husoma shuleni Aprili, na wa upande wa pili Epulo. Mpaka uliochorwa Ulaya umepita katikati ya jina moja la Kirumi.

Majirani wengine waliufuata mwezi kwa namna zao. Kibena huhesabu tu, na mwezi wa nne ni gwa wutai. Lakini kuanzia wa sita hesabu hiyo huazima Kiswahili: gwa sita, gwa saba. Kisangu, katika uwanda wa Usangu, kina majina kamili: wa pili ni Mwitope, jina linalokumbusha tope, na wa nne ni Munyi. Mbali zaidi, Waganda huuita mwezi wa nne Kafuumuulampawu, kwa ajili ya kumbikumbi warukao wakati huo. Wanyarwanda huuita Mata, neno lililo moja na amata, yaani maziwa. Na Washona huuita Kubvumbi, kutokana na manyunyu. Katika kila jina mna nchi: mdudu wake, ng'ombe wake, mvua yake.

Kiswahili cha leo kimechagua njia ya hesabu. Barazani na sokoni, Kyela kama Dar es Salaam, watu husema mwezi wa nne mara nyingi kuliko Aprili. Tarakimu ni nyepesi na haina ubishi, lakini nayo ina asili yake: Septemba ingali inabeba saba ya Kilatini ingawa ni mwezi wa tisa, na mfunguo nne si mwezi wa nne. Hesabu hutaja mahali mwezi ulipo katika safu. Haitaji mwezi ulivyo.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya watunga kamusi si kuiondoa Aprili, ambayo imekwisha kuwa neno la Kiswahili kwa haki ya matumizi. Kazi ni kuuliza, katika kila lugha ya ufuo huo, wazee waliuitaje mwezi huo kabla ya kalenda ya ukutani, na kuyaandika majibu pamoja na mvua, samaki na mazao yaliyoutambulisha. Tarakimu haisahauliki kwa urahisi, maana kila shule huifundisha. Jina la mvua hudumu maadamu yuko mtu wa kulitamka, na wale waliolitamka kabla ya kwenda shule wanapungua mwaka hata mwaka.