Historia ya Tiba ya Meno Kibugu na Embu

Kibugu ni kituo cha soko katika Kaunti ya Embu, kaskazini mwa mji wa Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Upande wa juu, mashamba ya majani chai yanapakana na msitu wa mlima. Upande wa chini ni mibuni, migomba na mahindi. Katika muda wa zaidi ya karne moja, wakazi wa miteremko hii wametibiwa meno kwa miti shamba, kisha kwa koleo la misheni na la serikali, na hatimaye katika kliniki za mjini zinazotengeneza meno ya bandia na kupandikiza meno ya titani. Njia hizo hazikufutana, na zote zingali zinatumika. Jambo moja halikubadilika sana: kung'oa jino kumekuwa karibu na kwa bei ndogo, na kuliokoa au kulirudisha kumekuwa mbali na kwa bei kubwa.

Kabla ya utawala wa Waingereza, chakula cha Waembu kilikuwa mtama, uwele, mbaazi, kunde, viazi vikuu, nduma na ndizi, pamoja na maziwa na nyama kwa wenye mifugo. Asali na miwa vilikuwapo, lakini sehemu kubwa ilitengenezewa pombe ya sherehe. Unga ulisagwa kwa mawe, na chembe za mawe zikachangia kulika kwa meno ya wazee. Jino kutoboka kulitokea, ila sukari haikuwa chakula cha kila siku, na kinywa kilisafishwa kwa mswaki wa mti. Kijiti cha mzeituni wa mwituni au cha mdaa kilikatwa, kikamenywa ganda upande mmoja, kikatafunwa hadi nyuzi zake zikafunguka, kisha kikatumiwa kusugua jino baada ya jino, nje na ndani. Kilipochakaa, ncha ilikatwa na mpya ikatafunwa. Kijiti hicho hakikumgharimu mtu chochote.

Jino lilipouma, mgonjwa alitafuta dawa aliyoijua nyumbani au akamwendea mugo, yaani mganga. Gome la mjafari lilitafunwa kwa sababu hutia ganzi ulimini na kwenye ufizi. Mizizi na matunda ya mtunguja yametumika kwa maumivu ya meno katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Maarifa ya miti ya eneo hili yameandikwa na watafiti: David Brokensha na Bernard Riley walichapisha mwaka 1988 kazi yao kubwa juu ya mimea ya Wambeere, majirani wa Waembu upande wa nyanda kavu, na mwaka 2007 Kareru na wenzake walichapisha uchunguzi wa dawa za asili za Waembu na Wambeere. Dawa hizo zilituliza maumivu bila kuziba tundu. Jino lililoendelea kuoza lilivumiliwa hadi lilegee, au likang'olewa kwa chombo cha chuma.

Ufundi wa kushughulikia meno kwa chuma haukuwa mgeni bara. Wakamba, ng'ambo ya Mto Tana, walichonga meno ya mbele ya juu yawe na ncha, kazi ya urembo iliyofanywa na mafundi kwa patasi ndogo. Wamaasai waliwang'oa watoto meno mawili ya mbele ya chini. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda na taya likakaza, bado angeweza kunyweshwa maziwa kupitia pengo hilo. Kwa hiyo wageni walipofika na makoleo, kung'oa jino hakukuwashangaza wenyeji. Kipya kilikuwa umbo la koleo lenyewe, lililotengenezwa kulishika jino shingoni, na baadaye sindano ya ganzi.

Jeshi la Waingereza liliwashinda Waembu mwaka 1906, na kituo cha utawala kikaanzishwa pale ulipo mji wa Embu leo. Miaka minne baadaye, mwaka 1910, wamisionari wa Kanisa la Uingereza walifungua kituo Kigari, katika miteremko hiyo hiyo ya Kibugu. Mwanzilishi wake, T. W. W. Crawford, alikuwa daktari kutoka Kanada, kwa hiyo tiba ilifika pamoja na shule na kanisa. Kaskazini zaidi, misheni ya Kanisa la Skoti ilimpeleka Dkt. Archibald Clive Irvine Chogoria mwaka 1922, na hospitali iliyokua hapo ikawa kimbilio la wagonjwa wa Chuka, Mwimbi na Meru. Madaktari hawa walikuwa wa tiba ya jumla. Jino bovu lilikuwa moja ya shida nyingi za mlolongo wa asubuhi, baada ya vidonda, malaria na uzazi, na dawa yake ilikuwa kuling'oa. Wasaidizi wa Kiafrika waliofundishwa kwenye misheni na zahanati walijifunza kazi hiyo kwa kuitazama na kuifanya. Madaktari wa meno wenyewe walikaa Nairobi na miji mingine mikubwa, wakiwahudumia hasa Wazungu na Wahindi walioweza kulipa.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa meno ya watu wa Embu yaliletwa na zao la biashara. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa. Katika miaka ya 1930 ruhusa ilitolewa kwa majaribio katika Embu, Meru na Kisii, na baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kilimo hicho kikapanuka kwa kasi. Chai ya wakulima wadogo ikafuata, na mwaka 1964 shirika la KTDA likaundwa kuisimamia. Pesa taslimu zikaingia nyumbani, na pamoja nazo sukari, mkate, mandazi na soda. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ikawa kinywaji cha asubuhi, cha saa nne, cha jioni na cha kila mgeni. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha gamba gumu la jino, na kila kikombe huanzisha upya shambulio hilo. Anayekunywa chai tamu mara nne kwa siku huyapa meno yake muda mfupi tu wa kupona. Hivyo zao lililolipa karo za shule na kujenga nyumba za mabati lilileta pia ugonjwa ambao zahanati za vijijini hazikuwa tayari kuutibu.

Hata hivyo, watu wa vijijini hawakuwa vibogoyo. Katika miaka ya 1980, Firoze Manji, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov waliwachunguza watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika Wilaya ya Machakos. Utando na ugaga vilijaa kwenye meno ya wengi, lakini watu wasio na jino hata moja walikuwa wachache mno, na wengi walifika uzeeni na sehemu kubwa ya meno yao. Sababu kuu ya kupoteza jino ilikuwa kuoza. Matokeo haya yana maana kubwa kwa Embu iliyo jirani, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtu wa kijijini hupoteza jino moja moja, kwa kawaida gego, kwa ugonjwa unaoweza kuzuiwa au kuzibwa mapema.

Baada ya uhuru, serikali ilifuta mwaka 1965 ada za wagonjwa wa nje katika hospitali zake. Upungufu uliobaki ulikuwa wa wataalamu. Wakenya waliotaka kusomea udaktari wa meno walikwenda ng'ambo hadi Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza mafunzo hayo mwaka 1974. Sheria mpya ya madaktari na madaktari wa meno ilianza kutumika mwaka 1978 na kuunda bodi ya kuwasajili, ambayo tangu 2019 ni baraza la KMPDC. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kilianza pia kufundisha maafisa wa afya ya kinywa, wanaong'oa, kuziba na kusafisha meno, na mafundi wa maabara wanaotengeneza meno ya bandia. Maafisa hao ndio walioweza kufika mbali na Nairobi kwa gharama ambayo serikali iliimudu.

Barabara nazo zilibadili hesabu ya mgonjwa. Barabara ya lami ya Thuchi hadi Nkubu ilipojengwa katika miaka ya 1980, Embu na Meru ziliunganishwa kupitia mashariki ya mlima, na safari ya Chogoria ikawa ya saa chache. Lakini Desemba 1989 serikali ilirudisha ada kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 ada ilipunguzwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili, mwaka ule ule huduma za afya zilipohamishiwa kaunti. Nafuu hiyo haikumsaidia sana mwenye jino bovu, kwa sababu zahanati nyingi hazina kiti cha meno wala mtaalamu. Mgonjwa wa Kibugu hupewa dawa ya maumivu kisha hutumwa hospitali ya Embu; hulipa nauli, hupoteza siku ya kuchuma chai, na kulipia huduma huko. Kuziba jino au kutibu mzizi wake kwaweza kudai kurudi mara mbili au tatu. Kung'oa humalizika siku moja, na ndiyo sababu watu wengi huchagua kung'oa hata jino linaloweza kuokolewa.

Pengo likishabaki, njia za kulijaza ni tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ya plastiki ngumu, ambayo ni ya bei nafuu kuliko zote. Ya pili ni daraja, linaloshikiliwa na meno ya jirani baada ya hayo kuchongwa. Ya tatu ni kipandikizi. Msingi wake uligunduliwa mwaka 1952 nchini Uswidi na Per-Ingvar Brånemark, alipoona kwamba titani aliyoiweka ndani ya mfupa wa sungura ilikuwa imeungana nao kabisa. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na baada ya mkutano wa Toronto wa 1982 mbinu hiyo ilikubaliwa duniani kote. Daktari hupima mfupa kwa picha, hutoboa taya kwa vipekecho vinavyoongezeka unene polepole, na kukaza skrubu ya titani. Miezi mitatu hadi sita hupita ili mfupa uishike, ndipo kofia ya jino ifungwe juu yake.

Katika miji ya Kenya, kipandikizi kimoja pamoja na kofia yake kwa kawaida huzidi KSh 100,000, kwa sababu skrubu na vifaa vyake huagizwa ng'ambo, picha na maabara hulipiwa kando, na wenye ujuzi huo ni wachache. Mkulima anayelipwa KSh 25 kwa kilo ya majani mabichi ya chai angehitaji kilo 4,000 ili kufikisha kiasi hicho, kabla ya kutoa mbolea na ujira wa wachumaji. Bonasi ya chai ya mwaka inayolipwa Oktoba ndiyo pesa pekee ya mkupuo katika nyumba nyingi, na karo ndiyo hulipwa kwanza kutoka humo.

Anayetafuta huduma nafuu mjini ana milango kadhaa. Hospitali za kaunti na za misheni hutoza chini ya kliniki za binafsi kwa kuziba na kung'oa. Katika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, takriban kilomita 130 kutoka Embu, wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao kwa ada iliyopunguzwa, ingawa ziara huwa nyingi. Bei ya kipandikizi hulinganishwa vyema ikiwa imeandikwa kwa jumla: picha, skrubu, kiungo cha kushikilia kofia, kofia yenyewe na ziara za kufuatilia. Leseni ya daktari huthibitishwa kwa KMPDC, na jambo hili lina uzito, kwani mafundi wa mitaani wasiosajiliwa hutumia vifaa visivyochemshwa ipasavyo vinavyoweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Bima imepunguza sehemu ndogo tu ya gharama hizi. Mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, ulianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya waliolazwa hospitalini, na ingawa huduma za nje ziliongezwa mwaka 2015, bima ya meno iliyo pana ilibaki hasa kwa watumishi wa serikali na wafanyakazi wa kampuni. Oktoba 2024 nafasi ya NHIF ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayokata asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya KSh 300 kwa mwezi. Wakati huo huo mzigo wa ugonjwa ni mkubwa: uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto, na fizi zinazotoa damu kwa karibu watu wazima wote.

Kwa maeneo kama Kibugu, historia hii yote inaelekeza kwenye hatua ile ile iliyofaa tangu zahanati za kwanza: kuisogeza huduma karibu. Kiti kimoja cha meno na afisa mmoja wa afya ya kinywa katika kituo cha afya, pamoja na ukaguzi shuleni na dawa ya meno yenye floraidi nyumbani, hulishika tundu lingali dogo, wakati kuliziba kunagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kipandikizi. Tangu 2013 uamuzi wa kuajiri maafisa hao na kununua viti hivyo uko mikononi mwa serikali ya kaunti na bajeti yake ya kila mwaka.