Makombe ya Vilima vya Tepee

Katika nyanda za Colorado, nchini Marekani, karibu na mji wa Pueblo, vimesimama vilima vilivyochongoka mfano wa mahema, ambavyo wataalamu wawili wa elimu ya miamba, G. K. Gilbert na F. P. Gulliver, walivieleza mwaka 1895 kwa jina la Tepee Buttes, wakibainisha kuwa mawe yake ya chokaa yamejaa makombe ya jamii ya Lucina.

Sababu ya wingi huo haikudhihirika hadi zilipogunduliwa mwaka 1984, katika Ghuba ya Meksiko, kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, chemchemi baridi zilizozungukwa na umati wa viumbe wasiotegemea nuru ya jua. Ndipo wanazuoni walipotambua kuwa vilima vile navyo, yapata miaka milioni 75 iliyopita, vilikuwa chemchemi za methani katika sakafu ya bahari.

Lakini kumwainisha kombe aliyegeuka jiwe ni kazi itakayo subira, kwa kuwa umbo la nje hughilibu, na makombe wa nasaba mbalimbali huweza kufanana. Basi mwainishaji huliondoa jiwe taratibu, akatazama meno ya bawaba na kovu la msuli wa mbele, ambalo kwa jamii ya Lucina ni refu na jembamba. Alama hiyo ndogo ina thamani kubwa, kwani jamaa zao walio hai hufuga katika matamvua bakteria wanaopata nguvu kutokana na kiberiti. Na asiyeijua nasaba ya kombe hawezi kukijua chakula chake, wala kuisoma kwa haki tarikhi ya bahari iliyokwisha kukauka.